Gari Limepona

9 Februari

Dada yangu,

Kama umeifungua barua hii ukiwa umesimama, tafuta kiti kwanza. Nimekupigia weee, simu ya kituo chenu cha afya inakata kila nikifika kwenye "nili", nikaona bora nikae chini niandike.

Gari limegongwa. Mimi mzima. Nayaandika yote mawili kwa pamoja usije ukasoma nusu ukazimia.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, naenda kufungua saluni. Nilikuwa nimesimama kwenye kivuko, namngoja mama mmoja avuke na vifurushi vyake. Lori la mkate likaja nyuma yangu, nalo halikusimama. Likanisukuma mpaka kwenye nguzo ya taa. Buti limekunjamana kama shati lililotoka kufuliwa, na mbele taa moja imekwenda, boneti nayo imeinuka. Dereva wa lori ni mtu wa makamo. Alishuka, akakaa ukingoni mwa barabara, akashika kichwa. Polisi walikuja wakapima, wakaandika kwamba kosa ni la lori. Mikate ilimwagika barabara nzima, na nadhani siku ile hakuna nyumba ya mtaa ule iliyokunywa chai kavu.

Najua gari hili umelitunza kama yai, na najua ulikuwa umelipangia nini. Mwaka ule uliahirisha chuo ukanifungulia mimi saluni, sasa zamu yako imefika na gari liko gereji. Nisamehe, ingawa nilikuwa nimesimama.

Mdogo wako,
Kipara
(Wateja bado wananiuliza ni nani aliyeninyoa mimi.)


15 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea wodini, mama mmoja yuko kwenye uchungu na mwingine ananiita sista maji. Nilipofika kwenye "mimi mzima" nikashusha pumzi, nikaendelea. Mungu ashukuriwe.

Sasa nieleze vizuri. Ni buti tu au mpaka chasisi? Milango ya nyuma inafunga? Bima ya wenye lori wamekubali kulipa matengenezo yote, au wanataka kuchagua? Usikubali wakuwekee vipuri vya kuokota. Rangi wapige upande mzima, wasipake viraka, maana viraka vinaonekana jua likiwaka. Na fundi asiguse injini, injini haina kosa.

Mama Vitambaa alishanipa neno lake kwamba mwisho wa Machi analinunua gari, na pesa zake ndizo ada yangu. Chuoni nao hawataniwekea nafasi milele. Wakunga tunaotaka kusomea upasuaji wa uzazi tuko wengi, nafasi ni za kuhesabu. Sikwambii haya nikutwishe mzigo. Nakwambia ujue kwa nini nauliza maswali mengi ya mabati.

Msalimie wifi.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Gari limepona. Ukilikuta barabarani utasema limetoka dukani jana. Bima ya lori walilipa gereji wenyewe, fundi bodi akafanya kazi yake kwa roho safi, na mimi nilikuwa nashinda pale kila nikipata nafasi, namsumbua kama mama mkwe.

Nikamwita Mama Vitambaa. Kwa bahati mbaya akaja na fundi wake, mtu mrefu asiyecheka. Yule bwana hakuuliza kitu. Alilizunguka gari, akaanza kugonga bati kwa kifundo cha kidole, koh, koh, koh. Alipofika nyuma mlio ukabadilika, ikawa puh. Akamtazama Mama Vitambaa. Akafungua buti, akainua zulia, akamwonyesha mahali palipochomelewa. Basi.

Mama Vitambaa hakuwa na maneno makali. Alisema gari ni zuri, dada yako namheshimu, lakini gari lililogongwa ni gari lililogongwa, na siku nikitaka kuliuza na mimi nitaulizwa. Bado analitaka, ila amepunguza theluthi nzima ya bei mliyokubaliana. Nilibembeleza mpaka nikaona haya.

Nikaenda kwa watu wa bima. Wakasema wao walishamaliza: limevunjika, limetengenezwa, wanadaiwa nini tena?

Siku hizi nafunga saluni mapema kidogo, wateja wamepungua. Wifi yako anakusalimia.

Kipara


28 Machi

Mdogo wangu,

Usimjibu Mama Vitambaa kitu. Mwambie dada anafikiria.

Kuna mama nilimzalisha juzi, mume wake ni wakili. Yule mume alikuja kunishukuru, nami nikatumia nafasi hiyo hiyo kumpa kisa chote akiwa amembeba mtoto. Anasema hao wa bima wanakuvunga tu. Kulitengeneza gari ni kitu kimoja, na thamani iliyopungua ni kitu kingine. Kama kabla ya ajali lilikuwa na bei hii, na baada ya kutengenezwa vizuri bado hakuna mtu wa kulitolea bei ile, basi ile tofauti ni hasara, na aliyesababisha hasara ndiye anayeilipa. Bima yake inasimama mahali pake.

Fanya hivi. Mtafute mthamini wa magari asiye na undugu na gereji wala na bima. Aandike bei ya gari lile kabla, na bei yake sasa. Mama Vitambaa naye umwombe aandike kwamba alikuwa ananunua kwa kiasi gani na kwa nini amepunguza. Upeleke vyote, uombe wakugongee muhuri kwamba wamepokea. Nimeambatanisha karatasi ya kukupa mamlaka ya kusaini kwa niaba yangu.

Najua wewe si mtu wa kugombana. Hapa hakuna kugombana, tunadai haki yetu tu. Usiwaonee aibu.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Nimefanya yote. Mthamini alikuja na kioo kirefu cha kuchungulia chini, akalala chali kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, nikamheshimu. Mama Vitambaa naye aliandika bila kinyongo.

Bima wana ofisi ya baridi, ukikaa robo saa unatamani sweta. Mara ya kwanza waliniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu wakasema anayehusika yuko kwenye kikao. Mara ya tatu nikapokelewa na Ofisa Mwandamizi wa Madai mwenyewe, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anayesoma kila mstari kwa kalamu. Alisoma ya mthamini mpaka mwisho, akasema madai ya namna hii hayaletwi sana, lakini hakusema hapana.

Halafu akaniuliza kama wewe au mimi tuna dai lingine lolote kuhusu ajali ile, maana wakilifunga jalada wanalifunga moja kwa moja. Nikamwambia nitakuuliza. Wewe unaonaje, dada? Mtu akiwa na jambo lingine, tuseme la upande wake mwenyewe, aliseme sasa hivi au asubiri kwanza hili la gari liishe? Sitaki kuharibu.

Kipara


25 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekuelewa unakokwenda, na nakujibu kwa ufupi kwa sababu tuna akina mama kumi na vitanda sita.

Usiongeze kitu. Najua ulipoteza siku za kazi kukimbizana gereji na ofisini, na najua saluni inasuasua. Mimi mwenyewe nitakufikiria pesa zikitoka, nimewahi kukutupa lini? Lakini tukianza kuwapelekea hili leo na lile kesho watatuona watu wenye tamaa, watatupiga danadana mpaka mwaka uishe, na mimi chuoni nitakuwa nimefutwa. Wakili anasema dai letu ni safi kwa sababu ni moja. Liache liwe moja.

Wakikubali, saini. Tafadhali, usinirudishe nyuma mara ya pili.

Dada yako


20 Mei

Kwa mwenye gari,
Nakala kwa dereva wake

YAH: MADAI YA UPUNGUFU WA THAMANI YA GARI

Rejea barua yako pamoja na taarifa ya mthamini.

Baada ya kupitia vielelezo vilivyowasilishwa, Kampuni imeridhika kwamba gari tajwa, ingawa lilitengenezwa kwa kiwango kinachokubalika, limepungukiwa na thamani sokoni kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na mteja wetu. Kampuni iko tayari kufidia upungufu huo kama ulivyokadiriwa.

Malipo haya yatakuwa ya mwisho, na yatafunga madai yote ya mwenye gari na ya dereva wake yatokanayo na ajali hiyo, yawe ya mali au ya mwili. Iwapo unaafiki, hati iliyoambatanishwa isainiwe na pande zote mbili au mwakilishi wao.

Ofisa Mwandamizi wa Madai


27 Mei

Dada,

Nimesaini. Jina langu mara mbili, kwa niaba yako na kwa upande wangu. Wamesema pesa zitaingia ndani ya wiki mbili. Mama Vitambaa amelichukua gari leo asubuhi kwa ile bei yake, kwa hiyo ukijumlisha na za bima umepata kile kile ulichokuwa umepanga.

Lipa chuo. Nimefurahi.

Kipara


2 Julai

Wifi yangu,

Sijawahi kukuandikia peke yangu, na kaka yako hajui kwamba nimekaa hapa naandika. Ameenda msibani kwa jirani. Akijua atanuna, lakini nimejikaza vya kutosha.

Siku ile ya lori kiwiko chake cha kulia kilipiga mlango. Hakikutoka damu. Kilivimba kidogo, akakipaka dawa ya kuchua, akasema kimekwisha. Kuanzia mwezi wa tatu vidole viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi. Alidhani amelalia mkono. Baadaye ganzi haikuondoka. Sasa hivi kidole cha mwisho kimejikunja na hakinyooki, na nyama ya katikati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea, unaona kama shimo. Vifungo vya shati anafunga kwa mkono wa kushoto. Mashine ya kunyolea imemdondoka mara nyingi mpaka ikapasuka ganda, nikaizungushia plasta.

Wateja hawakupungua wenyewe, wifi. Yeye ndiye aliyewapunguza. Mwezi wa nne alimkata sikio mstaafu mmoja anayekuja tangu saluni inafunguliwa. Mzee wa watu alicheka, akasema sikio lenyewe halisikii. Lakini kaka yako alirudi nyumbani hakula. Tangu siku hiyo mteja akitaka wembe anamwambia wembe umekwisha.

Nilimwambia akwambie wewe, kwani wewe ni mtu wa hospitali. Akasema utaacha chuo ukimbilie huku, na safari hii hakubali. Ile hati ya bima ilipokuja aliisoma mezani kwa sauti. Alipofika kwenye "ya mwili" akairudia tena. Nikamwambia usisaini kabla hujamuuliza dada yako. Akaniambia, "Dada alishanijibu."

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu juzi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, saluni imefungwa, anajaribu kukunja ngumi.

Wifi yako


9 Julai

Mdogo wangu,

Wifi ameniandikia. Usimnunie. Kama kuna mtu wa kununiwa ni mimi.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani, nikazisoma upya. Ile ya Aprili nimeirudia mpaka karatasi imelegea. "Tuseme la upande wake mwenyewe." Uliniuliza waziwazi, nami nikasikia pesa. Nilidhani unataka fidia ya siku zako za kazi. Nikakujibu kama mtu anayemfukuza omba-omba mlangoni.

Na ile barua ya bima ilinifikia na mimi. Neno "mwili" nililiona. Nilikuwa natafuta kiasi, nikaliruka.

Mimi ndiye ninayewauliza akina mama, kila siku, unaumwa wapi, tangu lini, bonyeza hapa. Mtu akiniambia yuko mzima simwamini mpaka nimemgusa. Wewe ulivyoandika "mimi mzima" nikakimbilia kuuliza milango ya nyuma kama inafunga.

Nenda hospitali ya mkoa, kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Usiende kwa mtu wa kuchua. Ninavyosoma maelezo ya wifi, mshipa umebanwa kwenye kiwiko, na kila wiki inayopita ni hasara. Nimewaandikia bima leo hii hii, nimewaeleza kwamba ulisaini kwa sababu mimi nilikushinikiza. Chuo nitawaomba wanirudishie ada.

Dada yako


29 Julai

Kwa mama mkunga,

Barua yako ya tarehe 9 imepokelewa.

Kampuni imepitia upya jalada husika. Hati ya makubaliano ilisainiwa kwa hiari, baada ya dereva kuulizwa na ofisi hii kama ana dai lingine, na malipo yamekwishafanyika. Hivyo jalada haliwezi kufunguliwa tena.

Nje ya jalada, naomba uniruhusu kuongeza haya. Namkumbuka kaka yako. Siku ya kusaini alishika kalamu kwa namna iliyonifanya nimtazame, nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana haraka, ameacha mteja. Nilitamani kuuliza zaidi, na sikuuliza.

Ofisa Mwandamizi wa Madai


14 Agosti

Dada,

Usiombe ada yako. Kama ulishaomba, kawaambie ulikuwa na homa. Mkono umekwenda, chuo nacho kiende, tutabaki na nini? Wewe ukisoma ukamaliza, mimi nitapata cha kujivunia nikiwa nimekaa.

Nimekwenda hospitali kama ulivyoagiza. Daktari ni binti mdogo, alinichoma choma kwa vijiti vya umeme mpaka nikacheka. Ni hivyo hivyo ulivyosema, mshipa umebanwa. Watanipasua mwezi ujao wauachie nafasi, ili kilichobaki kisiharibike. Kilichokwisha kupotea ameniambia nisitegemee sana kwamba kitarudi. Nilimuuliza kama ningekuja Februari ingekuwaje, akainamia karatasi zake. Nikamwambia basi usijibu.

Nina la kusema kuhusu barua yako, dada, nalo ni hili tu. Sikusaini kwa sababu ulinilazimisha. Ningeweza kukwambia tangu siku ya kwanza, maneno hayakunipungukia, unanijua. Niliona aibu. Kinyozi asiye na mkono ni nani? Nikisema nimeumia, ndiyo nimeumia kweli. Kwa hiyo lawama usizibebe zote, niachie na zangu.

Saluni haijafungwa. Wifi yako ndiye anayenyoa. Alikuwa ananitazama miaka yote hiyo, kumbe alikuwa anaiba. Mimi nakaa mlangoni napiga soga na wanaosubiri, na wapo wanaosema wanakuja kwa ajili ya mdomo wangu. Wembe wifi yako bado anauogopa.

Wiki iliyopita alikuja mtu nisiyemtambua upesi, amevaa kofia, amesimama nje muda mrefu kama anayesoma bei. Alipoivua kofia nikamjua. Dereva wa lori. Nikadhani amekuja kudai kitu. Akasema kazini walimwambia kwamba gari lilitengenezwa, mwenye gari akalipwa, hakuna aliyeumia, jambo limekwisha. Akasema amejaribu kuamini na hawezi, kwa sababu anaikumbuka ile sauti. Kisha akaniuliza, "Wewe mwenyewe uliumia?"

Dada, tangu Februari watu wameniuliza nina dai gani. Ukimtoa wifi yako, hakuna aliyeniuliza hivyo. Ulimi ulikuwa tayari kusema mimi mzima, nimeuzoesha. Nikamwonyesha mkono. Nikamwambia, "Niliumia hapa. Vidole hivi viwili sivisikii."

Aliutazama, hakuomba msamaha wala hakujitetea. Macho yalimjaa machozi. Akasema, "Asante kwa kuniambia." Akakaa kwenye kiti, wifi yako akamnyoa, na mimi sikupiga soga siku hiyo.

Akikuuliza mtu ninaendeleaje, mwambie nimelala vizuri wiki hii.

Kipara


22 Agosti

Mdogo wangu,

Wamenipa likizo ya siku chache kabla chuo hakijafunguliwa. Ijumaa jioni nitakuwa kwako. Mwambie wifi asihangaike kupika.

Ulivyoandika kuhusu yule dereva, niliifunga barua, nikatoka nje ya wodi nikaegemea ukuta. Ningetoa vingi ningekuwa mimi niliyeuliza vile. Hili sina pa kulipeleka, nitakaa nalo.

Sitaki tuzungumzie gari, wala bima, wala nani alisema nini mwezi gani. Nataka nikifika uweke mkono mezani, niushike kidole kimoja kimoja, na uniambie wapi unasikia na wapi husikii. Usifanye haraka kunijibu. Ukisema hapa sisikii, nitapagusa tena, taratibu.

Dada yako